Kwazo Lisilo na Mwenyewe

Amri ya Mambo ya Walawi 19:14, inayokataza kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kwazo, inamalizia kwa kudai hofu ya Mungu, na sababu haiko mbali. Kiziwi hasikii laana. Kipofu hamwoni aliyeweka jiwe. Kosa la namna hiyo halina mshtaki, na mara nyingi aliyejikwaa hujilaumu mwenyewe. Naona amri hii inawagusa waundaji wa tovuti kuliko wanavyodhani. Kila kivinjari kina vitufe, visanduku na orodha zake za kuchagua. Mtu akivizoea kwenye fomu moja amevijua kwenye nyingi, na programu za kumsomea skrini asiyeona huvitambua zenyewe. Mwundaji anayeviacha ili achore vyake humrudisha mgeni darasani: kalenda inayorudi nyuma mwezi mmoja mmoja hadi mzee aufikie mwaka wa 1953, orodha isiyofunguka kwa kibodi, kitufe kisichojulikana kama ni kitufe au pambo. Mkulima wa Suneka, hapa Kenya, akikwama hapo hasemi fomu ni mbovu. Husema yeye si mtu wa kompyuta.

Atatokea wa kusema kwamba hakuna aliyekusudia kumdhuru mtu. Ni kweli, ila Kumbukumbu la Torati 22:8 hudai ukuta kuzunguka dari ya nyumba mpya bila kuuliza nia ya mwenye nyumba. Mtu akianguka, damu ni juu ya nyumba hiyo. Hoja kwamba bila kuthubutu hakuna kipya ina uzito zaidi. M-Pesa ilikuwa jambo geni kabisa ilipoanza nchini mwaka 2007. Lakini ugeni wake ulikuwa katika kutuma pesa, si katika kushika simu: unachagua kwenye menyu, unaandika namba, unaweka PIN, hata kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe.

Hoja ninayoikataa bila kusita ni ile ya "asiyejua aende saiba," yaani duka la kompyuta na intaneti. Tangu 2023 serikali imehamishia maelfu ya huduma zake kwenye tovuti ya eCitizen, kwa hiyo raia hana njia nyingi za kuikwepa fomu. Pale saiba atalipia msaada, kisha atamtajia mhudumu namba ya kitambulisho na nenosiri lake. Vijana wengi wa kazi hiyo ni waaminifu, sina neno nao. Ila siri haitolewi kwa sababu mtu ameshindwa na kalenda. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha, na ya 54 inampa mwenye ulemavu haki ya kufikia habari. Nanyi mnaounda fomu za umma, kabla ya kuchora kitufe chenu wenyewe, kaeni saiba siku moja ya soko mwone nani anashindwa kukibonyeza.