Kifua Bila Nishani

Kwenye makaburi ya mashujaa hapa Remera, Rwanda, Askari Asiyejulikana amepewa daraja la Imanzi, la juu kabisa, sawa na Meja Jenerali Fred Rwigema. Jina hana, sembuse nishani. Nchi iliyoamua hivyo imekubali jambo ambalo majeshi mengi hulikwepa, kwamba kifua kitupu hakimpunguzii askari utumishi wake. Nishani, kwa maoni yangu, hutuambia zaidi habari za aliyeitoa: nani alikuwa tayari kumtambua, na nani alimpita kama hakumwona.

Mtazame Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, baba yake askari wa Wajerumani, na vita vya kwanza vya dunia vikamkuta naye jeshini akiwa bado mtoto. Alijeruhiwa Mahiwa, kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1917. Mwaka 1929 alifika Ujerumani, akadai mishahara yao ambayo haikulipwa, yake na ya baba yake. Akajibiwa kwamba amechelewa. Akaomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele, akanyimwa. Vita vya pili vilipozuka mwaka 1939 alijitolea tena, wakamkataa. Na bado mikutano ya kusifu ukoloni ilimhitaji asimame pale na sare yake ya askari, watu wamtazame! Alifia kwenye kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen, Novemba 1944.

Kuna atakayeuliza: aliyempigania mkoloni analilia nini? Swali zito, hasa Rwanda, ambako mwaka 1916 Wajerumani na Wabelgiji walipigania ardhi isiyokuwa ya yeyote kati yao. Lakini ubaya wa mdaiwa haufuti deni. Kibarua wa shamba la dhalimu naye ana ujira wake. Mwingine atasema nishani ni jasho la mwenyewe, kama ya mzee wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, aliyerudi kutoka Burma. Kweli, na aivae. Ninachokataa ni kumhukumu asiyekuwa nayo.

Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa mishahara ile askari wa zamani wa Kiafrika waliokuwa hai, na mlipaji akatumwa Mwanza. Inasimuliwa kwamba wazee kama 350 walijitokeza. Wachache walikuwa na vyeti, baadhi walishika vipande vya sare kuukuu, wengine mikono mitupu. Mlipaji akampa kila mmoja ufagio badala ya bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakuna aliyekosea.