Amri Haina Nafsi

Visiwani kwetu vuli ni mvua. Huanza takriban mwezi wa Oktoba ikaendelea hadi Disemba, nayo ni mvua ndogo ikilinganishwa na masika. Wafasiri walipotafuta neno la kuyaita majira ambayo majani ya miti ya Ulaya hugeuka rangi na kupukutika, walilichukua neno hilohilo. Jina likawa moja, ilhali mambo ni mawili: vuli ya kwetu huleta maji, na vuli ya Uingereza huondoa mwanga. Tarehe 1 Oktoba jua la London hutua karibu na saa 12:40 za jioni. Mwezi unapomalizika, baada ya saa kurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho, jua hilohilo hutua mnamo saa 10:35. Mtu aliyezaliwa Unguja au Pemba, ambako machweo ya mwaka mzima hayapishani hata kwa saa moja, na ambako saa yenyewe huhesabiwa kwa kufuata jua, hujiona kama mtu aliyenyang'anywa saa mbili za jioni ndani ya mwezi mmoja.

Katika jiji hilo, na katika miji mingine ya Uingereza, zinaishi familia zenye asili ya visiwa vyetu, na miongoni mwao wamo wenye watoto wadogo. Kwao Oktoba ni mwezi wa pirikapirika. Mtoto wa miaka minne ndiyo kwanza ameanza skuli mwezi wa Septemba, naye hajazoea. Asubuhi analia, jioni amechoka. Mdogo wake ana mafua, na mafua hayo yatazunguka nyumba nzima kabla ya kuaga. Koti la mwaka jana halimtoshi tena mkubwa, na kwa mdogo bado ni pana. Kuna mkutano wa walimu na wazazi, kuna chanjo ya mafua ya kupuliza puani, kuna somo la kuogelea, kuna chuo cha Kurani baada ya skuli, kuna sherehe ya kuzaliwa ya mtoto ambaye jina lake mzazi hawezi kulitamka sawasawa. Mwishoni mwa mwezi skuli hufungwa kwa wiki moja katikati ya muhula, lakini kazi ya mzazi haifungwi. Baba anatoka zamu, mama anaingia zamu, na wawili hao hukutana mlangoni, mmoja anavaa viatu na mwingine anavivua.

Swali linalozuka hapa ni la maadili, nalo si jepesi. Je, mzazi aliyezongwa na shughuli kiasi hicho anamkosea mwanawe?

Jawabu mbili hutolewa aghalabu. Ya kwanza ni ya wale wanaosema kwamba haraka haraka haina baraka, na kwamba mtoto anataka wazazi wake kuliko anavyotaka somo la kuogelea. Basi shughuli zipunguzwe. Ya pili ni ya wazazi wenyewe, ambao hujibu kwa haki kabisa kwamba shughuli hizo ndizo mapenzi yenyewe. Koti halijinunui, wala homa haijitibu. Anayekesha zamu ya usiku ili kodi ya nyumba ilipwe hawezi kuambiwa kwamba amemtupa mtoto wake. Kila upande una ukweli wake. Hata hivyo, pande zote mbili zimekubaliana juu ya jambo moja ambalo mimi nalitilia shaka: kwamba deni la mzazi hupimwa kwa saa. Napenda tukiweke kipimo hicho pembeni kidogo, tutazame kitu kingine ambacho haraka hukiharibu kimyakimya, nacho ni sentensi.

Sikiliza maneno ya nyumba yenye haraka. Amka. Vaa. Kula. Nyamaza. Harakisha. Njoo. Wacha. Lala. Siku nzima inaweza kupita kwa vitenzi hivyo vinane, na mtoto akalishwa, akavishwa, akafikishwa skuli, akarejeshwa na kulazwa salama. Hapana aliyedhulumiwa. Lakini tazama umbo la vitenzi hivyo. Kitenzi cha Kiswahili kwa kawaida hubeba mzigo wa kutosha. Tusemapo "ninavaa", "ulivaa", "tutavaa", tumetaja ni nani avaaye na ni lini. Tukitoa amri, tunavua vyote viwili, tukabaki na mzizi mtupu: vaa. Wanasarufi wetu waliuita mmoja wa viambishi hivyo nafsi, na wa pili wakati. Kwa hiyo mwalimu wa sarufi hasemi ila kweli anaposema kwamba amri haina nafsi wala haina wakati.

Sisemi kwamba sarufi ni hukumu. Lugha nyingi hufupisha amri, na ufupi huo una manufaa yake: mtoto anaponyoosha mkono kwenye jiko la moto, hatumtungii shairi. Ninachosema ni kwamba mtoto anayesemeshwa kwa amri tupu tangu asubuhi hadi usiku anaishi katika lugha ambayo yeye mwenyewe hamo. Anatajiwa vitendo; hatajwi yeye. Wala haulizwi, hasimuliwi, hataniwi. Amefanywa mtekelezaji, hakufanywa msemeshwaji.

Jambo hili lina uzito wake popote, lakini ughaibuni linazidi kuwa zito, kwa sababu huko kuna lugha ya pili inayongoja mlangoni. Mtoto yule anayeamrishwa kwa Kiswahili nyumbani husimuliwa hadithi kwa Kiingereza skuli. Mwalimu humkalisha juu ya zulia, akamfungulia kitabu chenye picha, akamuuliza: unadhani nini kitatokea? Marafiki humtania kwa Kiingereza, na katuni humchekesha kwa Kiingereza. Haihitaji miaka mingi kabla mtoto hajagawa lugha zake kwa mantiki iliyonyooka: hii ni ya kucheza na kufikiri, ile ni ya kuvalishwa koti. Kisha tunashangaa kwamba anatufahamu lakini hatujibu kwa lugha yetu. Atujibu nini? Amri haingoji maneno. Jawabu lake ni kitendo, naye kitendo amekifanya.

Tangu 1987 mwezi wa Oktoba huadhimishwa Uingereza kuwa mwezi wa historia ya watu weusi. Skuli nyingi huutumia kuwaomba watoto walete kitu kinachoeleza asili yao, na kwa familia ya pwani yetu kitu cha karibu ni kanga. Ni wepesi gani kuikunja kanga na kuitia mkobani mwa mtoto asubuhi! Lakini kanga ina jina, na jina ni sentensi, mara nyingi yenye fumbo. Mwalimu akiuliza maandishi yale yana maana gani, mtoto hawezi kujibu kwa kitenzi cha "vaa" wala cha "lala". Ameichukua nguo, hakuchukua maneno. Hapo ndipo hasara yenyewe inapoonekana waziwazi: tumempa mtoto urithi akiwa hana ufunguo wake.

Mtu atauliza: mbona wazazi wetu nao walituamrisha, tena kwa ukali kuliko huu, na lugha hatukuipoteza? Ni kweli, na sababu yake yafaa kutazamwa. Katika nyumba ya mjini au ya shamba, sauti ziligawanywa. Mama aliamrisha, kwa kuwa kazi ilimtaka aamrishe. Lakini bibi alikuwapo, naye akisema "Paukwa!" sote tukaitika "Pakawa!" Shangazi alitutania, mjomba alitutegea vitendawili, mzee wa barazani alituuliza habari za kwetu kama watu wazima. Amri ya mama ilikuwa uzi mmoja katika mkeka mpana. Katika fleti ya London sauti zote hizo zimetiwa kwenye koo mbili, na mara nyingine moja tu. Koo hiyo ikichoka huacha kwanza yale yanayoonekana si ya lazima: hadithi, utani, kitendawili. Hubakisha amri, kwa sababu bila amri basi la skuli litaondoka. Mzazi hakuchagua kuwa mkali. Amebaki peke yake. Anayetaka kumlaumu na aanze kwa kuuliza wako wapi wengine. Babu aliye Pemba na simu mkononi, ajuaye vitendawili mia, naye ana sehemu yake katika deni hili.

Hata hivyo, mzazi mwenyewe hakosi njia, na njia hiyo tunaweza kuonyeshwa na mtunzi tunayemfahamu vyema. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utendi kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa, na muda mfupi baadaye alifariki. Kama kuna mzazi aliyekuwa na haki ya kusema hana wakati, ni yeye. Utendi wake umejaa maagizo, na baadhi yake wasomaji wa leo wanayajadili kwa haki. Lakini angalia anavyoanza. Amri zake za mwanzo si za kumtuma binti aende; ni za kumwita asogee, achukue wino na karatasi, akae amsikilize. Amri hiyo inavuta, haisukumi. Baada yake mtoto hayuko mbali na mama, yuko ubavuni pake, ana kalamu mkononi, na maneno yaliyosalia ni yao wawili.

Hapa tumepata kipimo kilicho bora kuliko saa. Tusiulize tu mzazi amekaa na mtoto muda gani; tuulize pia maneno yake yamemsogeza au yamemsukuma. Kipimo hiki hakimdai mzazi wakati asio nao. "Vaa koti" na "tuvae makoti, leo jua limeamka limenuna" hupishana kwa sekunde chache. Ya pili imemtia mtoto na mzazi ndani ya kitenzi kimoja, imempa sababu, na imemwachia sitiari ya kuchezea njiani. Safari ya dakika kumi kwenda skuli, chini ya miti inayopukutisha majani, yatosha kwa vitendawili vitatu. Kutafsiri jina la kanga hakuchukui muda mrefu kuliko kuikunja. Wapenzi wa ushairi hawana haja ya kuhubiriwa hili. Wanajua kwamba ubeti hauhitaji nafasi kubwa ili ubebe mtu.

Wala tusidhani haya ni ya ughaibuni pekee. Mtoto wa visiwani naye asubuhi yuko skuli, mchana chuoni, jioni kwenye masomo ya ziada. Bibi yake amekaa na simu yake, na baba amefungwa na foleni au biashara. Vuli yetu haitunyang'anyi mwanga, lakini nyumba nyingi zimeanza kusema kwa mizizi mitupu ya vitenzi huku jua bado liko juu.

Kiswahili kimetupa neno moja, nafasi, kwa maana ya wakati, ya mahali na ya fursa. Mzazi asemapo "sina nafasi" hukusudia wakati, na mara nyingi husema kweli. Lakini nafasi ya mahali anayo daima, hata katika Oktoba ngumu kuliko zote. Anaweza kumweka mtoto ndani ya sentensi, akamtaja, akamuuliza, akangoja jawabu lake japo wamesimama mlangoni na koti limefungwa nusu. Anayemnyima mtoto wake nafasi hiyo hanyimi kitu asichokuwa nacho, na ndiyo maana swali tuliloanza nalo halimalizwi na udhuru wa saa.