Nani Anaamua Mtoto Ale Nini

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe, eneo la Tabora, ilifika Tura ikiwa na njaa. Nyuma yake kulikuwa na Mgunda Mkali, pori lenye maji haba. Tura ndiyo iliyokuwa mlango wa Unyamwezi, penye mashamba na chakula cha kununua. Leo Tura ni ya wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, na kinachopita hapo ni reli.

Lakini mashamba peke yake hayamlishi mtoto. Mjamzito wa huko anayekwenda kliniki huambiwa yale yale yanayosemwa nchi nzima. Mtoto anyonyeshwe ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Maziwa ya kwanza, yale ya njano, yasimwagwe. Kwa miezi 6 asipewe kingine, hata maji. Kisha aanzishiwe chakula huku akinyonya hadi miaka 2 au zaidi. Si mafundisho magumu. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto watatu hivi katika kila kumi walio chini ya miaka 5 wamedumaa.

Sidhani kosa ni la wajawazito kutosikia. Mtoto analia usiku, bibi anasema maziwa hayamtoshi, apewe maji ya uvuguvugu. Binti aliyejifungua kwa mara ya kwanza atambishia vipi mama mkwe? Tumbo la mtoto siku ya kwanza hutosheka na kijiko cha chai. Akishibishwa maji hanyonyi, na ziwa lisiponyonywa hupunguza maziwa. Basi maneno ya bibi yanatimia kweli.

Kisha kuna kubemenda. Mtoto akikonda, watu husema wazazi wamekutana mapema mno, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Mwiko huo ulikuwa na hekima yake: ulimpa mama nafasi kabla ya mimba nyingine. Lakini aibu yake humfanya mama amfiche mtoto ambaye angepaswa kupimwa uzito zahanati.

Zito kuliko yote ni jembe. Mvua zikianza Novemba, tumbaku, mahindi na karanga vinataka mikono, na mtoto mchanga anaachiwa dada yake na kikombe cha uji mwepesi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, na akirudi kazini, hadi saa 2 za kunyonyesha kwa siku. Mkulima hana mwajiri wa kumdai. Ana mume.

Kwa hiyo baba anapoitwa kliniki kupima VVU na mkewe, asiondoke kabla hajaambiwa kwamba palizi ya msimu huu ni yake, na mama mkwe aitwe naye asikie. Tena baba ndiye anayeuza mavuno. Karanga zikifungwa magunia kwenda sokoni, abakize za kutwanga na kutia kwenye uji mzito wa mtoto aliyetimiza miezi 6.