Nani Astahili Kadi ya Matibabu?

Yako maswali yanayojadiliwa bungeni lakini mzizi wake umo katika dhamiri ya kila mtu. Mojawapo ni hili: je, msaada wa matibabu apewe kila mtu, au yule tu awezaye kuonyesha kwamba ni maskini? Nchi ya Ireland imelihangaikia swali hili miaka mingi, nasi twaweza kujifunza kwayo.

Zamani maskini wa huko walipewa tiketi ya kwenda zahanati, na daktari hawakumchagua wao. Kufuatana na Sheria ya Afya ya 1970, tangu mwaka 1972 mwenye kadi ya matibabu aliweza kumchagua daktari wake. Hiyo ilikuwa hatua ya heshima. Lakini kadi ilitolewa baada ya kupima kipato, isipokuwa tangu 2001 kila mzee wa miaka 70 na zaidi aliipata bila kuulizwa.

Oktoba 2008, hazina ilipopungukiwa, serikali ilitangaza kuiondoa haki hiyo. Wazee walijaa katika kanisa moja mjini Dublin kupinga, na kesho yake maelfu wakakusanyika mbele ya bunge. Serikali ililegeza kamba, ikaweka kikomo cha euro 700 kwa juma kwa mtu mmoja, na 1,400 kwa mume na mke.

Tuzipime hoja. Waliotaka kipimo walisema si haki kodi ya mfanyakazi mwenye mshahara mdogo imtibu tajiri bure. Hoja hii ina uzito. Tena madaktari walikuwa wakilipwa zaidi kwa wazee hao wapya kuliko kwa maskini. Waliopinga walisema ahadi ni deni. Mzee amekwisha kupanga maisha yake kwa kuitegemea ahadi, wala hana nguvu za kuanza upya.

Sisi tuliofundisha twaijua alama ya kufaulu. Ikiwa ni 40, mwenye 39 ameshindwa, ingawa kwa akili hawapitani. Kikomo cha kipato ni vivyo hivyo: anayekizidi kwa euro moja aweza kuikosa kadi. Na ugonjwa hauheshimu hesabu. Kipato kinachotosha leo, saratani yaweza kukimaliza kesho. Sheria iliacha mlango kwa wenye taabu ya pekee, lakini mlango huo ulibanwa mno, hata mwaka 2014 serikali ikalazimika kuwarudishia kadi maelfu ya wagonjwa.

Kwa maoni yangu, tajiri apimwe wakati wa kutozwa kodi, si mgonjwa mlangoni pa daktari. Huko tajiri atoe zaidi; hapa wote wawe wagonjwa tu. Mwaka 2017 kamati ya vyama mbalimbali vya bunge la Ireland ilipendekeza mpango uitwao Sláintecare, kwamba mtu atibiwe kwa kadiri ya haja yake, si ya mfuko wake.

Mtu atauliza: na fedha zisipotosha? Basi waanze maskini na wagonjwa sana, na watu waambiwe kweli mapema. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Anayechora mstari na ajiulize kwanza kama angekubali kusimama hatua moja nje yake.