Wajukuu Zangu Mnaobishana Juu ya China

Wajukuu zangu, nawasikia mkibishana. Mmoja anasema China ndiyo nchi ya kijamaa iliyofaulu, mwenzake anamjibu kuwa wale ni mabepari watupu waliobaki na bendera nyekundu. Wote wawili mnatazama maghorofa na treni ziendazo kasi. Mimi niliyekulia miaka ya Azimio la Arusha nawaomba mmtazame anayefanya kazi. Ana kauli gani juu ya jasho lake?

Anzieni Xiaogang, kijiji cha mkoa wa Anhui. Wilaya yake, Fengyang, ilizika watu wengi katika njaa ya 1959 hadi 1961, wakulima walipokuwa wamekusanywa kwenye komuni, yaani mashamba ya pamoja, na viongozi wakipeleka juu hesabu za mavuno yasiyokuwepo. Mwishoni mwa 1978 wakulima 18 walikutana kwa siri, wakaandika makubaliano, wakayatia dole gumba. Kila kaya italima kipande chake, itatoa fungu la serikali, na kitakachobaki ni chake. Wakaongeza sharti: viongozi wa kijiji wakifungwa kwa jambo hili, wenzao watawalea watoto wao hadi watimize miaka 18. Hebu lisomeni tena sharti hilo. Katika nchi iliyojiita ya wakulima na wafanyakazi, mkulima alikuwa akiogopa jela kwa kosa la kulima. Mavuno yaliyofuata yalikuwa makubwa, kiongozi wa China Deng Xiaoping na wenzake wakauridhia mtindo huo, na baada ya miaka michache komuni zikavunjwa.

Benki ya Dunia inakadiria kuwa katika miaka 40 hivi takriban Wachina milioni 800 walitoka katika umaskini uliokithiri. Hilo ni jambo kubwa mno, na asiyelisifu ana roho ya kwanini. Lakini lilishika kasi pale mkulima alipoachiwa jembe lake. Na msiwasikilize wanaosema kwamba kabla ya hapo palikuwa na giza tupu: mgawanyo wa ardhi, kisomo, na wale matabibu waliofundishwa kwa miezi michache wakarudi kutibu vijijini kwao, vyote ni vya enzi ya Mao Zedong, aliyetawala kabla ya Deng. Soko lilikuta watu wanaojua kusoma na wenye afya ya kufanya kazi.

Mwaka 1992 Chama cha Kikomunisti kikatangaza kinachoitwa uchumi wa soko wa kijamaa. Kufika mwisho wa muongo huo, mashirika ya umma yalikuwa yamewapunguza wafanyakazi kwa mamilioni, watu walioahidiwa ajira ya maisha. Mwaka 2002 katiba ya chama ikawafungulia mlango wenye viwanda na mitaji. Huku kwetu CCM nayo ilikuwa imelegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha pale Zanzibar mwaka 1991.

Mtanijibu kwamba njia kuu za uchumi bado zimo mikononi mwa dola, na ni kweli. Benki kubwa, mafuta, reli na umeme ni vya serikali. Ardhi ya mijini ni ya taifa, ya vijijini ni ya wanakijiji kwa pamoja, na anayenunua nyumba mjini hupewa haki ya kuitumia ardhi kwa miaka 70. Mtaniongezea habari za tajiri Jack Ma, ambaye kampuni yake ya huduma za fedha, Ant, ilizuiwa kuingiza hisa zake sokoni Novemba 2020, siku chache kabla ya hisa hizo kuanza kuuzwa na kununuliwa huko. Hapo ndipo ninapotofautiana nanyi, wajukuu zangu. Kumbana tajiri si ujamaa. Mfalme yeyote wa zamani aliweza kumfilisi mfanyabiashara aliyemkera, na mkulima akabaki palepale. Suala ni nani aliyeamua, na kwa faida ya nani.

Sasa mtazameni anayejenga hayo maghorofa. Karibu watu milioni 300 wenye asili ya vijijini wanafanya kazi nje ya kilimo, wengi wao mijini, lakini hati yao ya ukaazi, hukou, imebaki ya kijijini. Kwa kiasi kikubwa hati hiyo ndiyo huamua shule ya mtoto, matibabu na pensheni. Baba anapanga matofali mjini huku mwanawe akilelewa na bibi kijijini. Hata yule anayefuatana na wazazi, mara nyingi hulazimika kurudi mkoa wake kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Watoto wawili wanaokaa mtaa mmoja wanatenganishwa na karatasi ya ukaazi. Hilo naliona ni jambo la kuumiza kuliko takwimu zote za mabilionea.

Haki ya kugoma iliondolewa katika katiba ya 1982, na chama cha wafanyakazi kinachoruhusiwa ni kimoja, kilicho chini ya chama tawala. Mwaka 2018, pale Shenzhen, wafanyakazi wa Jasic, kiwanda cha mashine za kuchomelea vyuma, walijaribu kuunda tawi lao. Wakafukuzwa kazi, na wengine wakakamatwa. Wanafunzi wa vyuo vikuu, vijana wa rika lenu waliokuwa wakimsoma Marx darasani, wakaenda kusimama nao. Agosti ya mwaka huo polisi wakawazoa na wao. Nchi inayofundisha Marx chuoni iliwakamata waliomchukulia kwa dhati.

Kwa hiyo nawaambia ninavyoamini: China ina dola ya chama kimoja inayomiliki mengi na iliyofanya makubwa, lakini mfanyakazi asiyeweza kuchagua kwa uhuru viongozi wa chama chake cha wafanyakazi wala kugoma hajaufikia ujamaa. Enyi mnaosoma chuo cha uongozi cha Mwalimu Nyerere pale Kibaha, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina hao hao, na ninyi mnaokwenda kwao kwa ufadhili wa masomo, jifunzeni reli, jifunzeni viwanda, jifunzeni nidhamu yao ya kazi. Ila mkikaribishwa kiwandani, msiishie ofisini kwa meneja. Ombeni kuzungumza na wanaosimama kwenye mashine, muwaulize watoto wao wanasoma wapi na nani aliyewachagulia viongozi wa chama chao cha wafanyakazi.