Jana Tulipiga Wapi?

Kiswahili hakibagui. Unapiga ngoma, unapiga kinanda, unapiga simu, unapiga taipu. Lakini nikiwasindikiza washairi jukwaani na laptop yangu, herufi A ikitoa ngoma na J ikitoa nyatiti, hakosi mtu wa kusema, "Huyo hapigi, anabonyeza tu."

Hoja yake ina uzito. Kibodi ya kompyuta ni swichi tu. Iguse polepole ama uigonge kwa hasira, sauti ni ileile. Piano husikia nguvu ya kidole. Sawa, lakini mpiga ogani wa kanisani tumwambie nini? Kwenye ogani ya mabomba, kukandamiza kwa nguvu zaidi hakupandishi sauti, na hakuna anayemwambia anabonyeza tu. Tunamheshimu kwa kujua wakati gani aguse wapi. Akikosea, kanisa zima linasikia.

Hiyo ndiyo mizani yangu: je, unaweza kuharibu mbele za watu? Singeli ya Dar es Salaam hupita mapigo 200 kwa dakika. Kwa kasi hiyo, kila pigo halifiki sekunde 0.3. DJ anayegonga laptop hapo katikati hana pa kujificha.

Kwa hivyo napiga. Swali linaloninyima usingizi ni hili: napiga peke yangu?

Nyatiti ya herufi J ilipigwa na mzee mmoja nyumbani kwake Siaya, akijua naenda kuitumia. Nilimlipa, mara moja. Lakini yeye akialikwa kwenye sherehe, hulipwa kila anapoalikwa. Mimi nikibonyeza J, ni kama nimemwita akaja bila nauli, akapiga, akarudi bila hata chai. Rafiki yangu huniuliza, "Mazee, si alikubali?" Alikubali nimrekodi. Hatukuwahi kukaa chini tukazungumza kuhusu vidole vyake, ambavyo kwangu havitazeeka huku kwake vinazeeka kila siku.

Ndiyo maana nikilipwa shoo, fungu lake huenda kwa M-Pesa, hata kama ni mia mbili. Hakuna anayenilazimisha, na mwenye nyumba anayengoja kodi hawezi kunielewa.

Mzee akishapokea, hunipigia simu. Haulizi habari ya pesa. Anauliza, "Jana tulipiga wapi?"