Redio Imekuwa Mke Mwenza?

Hivi karibuni walinijia mume na mke waliooana miaka kumi na tisa. Wameniruhusu niwasimulie yao bila kuwataja.

Bwana ana leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya wale wanaoongea na wenzao duniani kwa mapenzi tu, bila malipo wala biashara. Kila Alhamisi jioni huenda klabuni. Siku nyingine hujifungia chumba cha nyuma akifufua redio kuukuu za valvu, zile zinazongoja kupata moto kwanza ndipo zitoe sauti.

Mama alilalamika kwamba redio imekuwa mke mwenza. Bwana akajitetea: "Mimi sinywi pombe, sina hawara, karo nimelipa. Kosa langu ni lipi?"

Hapo mama akatoa barua ya hospitali mkobani. Alikuwa amepatikana na uvimbe kwenye titi, akatakiwa arudi kupimwa zaidi. Barua ile alikaa nayo siku nane. Bwana akashtuka: "Mbona hukuniambia?" Mama akajibu kwa upole: "Baba watoto, nilikuja mara mbili. Mara zote mbili uliinua mkono ninyamaze, ukimsikiliza mtu wa Brazili."

Swali letu ni hili: je, mtu ana hatia kwa jambo ambalo hakulijua?

Asiyejua kwa sababu hakuwa na njia ya kujua, hana lawama. Lakini kuna kutojua kwingine, kule tunakojitengenezea wenyewe. Aliyefunga mlango kwa makusudi hawezi kujitetea kwamba hakumwona mgeni. Bwana huyu hakujua habari za uvimbe, lakini alijua kwamba mkewe amesimama mlangoni akitaka kusema. Hatia yake haimo katika redio. Imo katika mkono ule ulioinuliwa.

Tena, kusema "sinywi pombe" si jibu. Ndoa haipimwi kwa maovu tuliyoyaepuka peke yake. Siku ya arusi mke hakuahidiwa mtu asiye mlevi, aliahidiwa mume.

Mama naye, kwa uchungu, alitaka kuziuza redio zote kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Nilimsihi asifanye hivyo. Kila mtu anahitaji pumziko, na kazi ile ina mafundisho yake. Fundi wa valvu anajua kwamba hata akichomoa waya ukutani, kapasita zaweza kubaki na umeme wa volti 200 au zaidi. Akizigusa kwa haraka zitampiga. Kwa hiyo huutoa umeme ule polepole kupitia rezista, kisha hupima kabla ya kutia mkono. Ugomvi wa nyumbani ni vivyo hivyo: kelele zimezimwa, lakini umeme ungalimo. Kuuza redio kungeleta kimya, si amani.

Mtakatifu Maximilian Kolbe, padre Mfransisko wa Poland, alikuwa mwanaredio wa ridhaa. Herufi zake za wito zilikuwa SP3RN. Mwaka 1941, katika kambi ya Auschwitz, mfungwa Franciszek Gajowniczek alichaguliwa kufa kwa njaa, akawalilia mkewe na wanawe. Kolbe alisikia kilio kile, akajitoa afe badala yake. Aliuawa tarehe 14 Agosti. Aliyejua kusikiliza walio mbali hakumpita aliyekuwa karibu naye.

Tulipatana hivi. Alhamisi ya klabu ibaki. Pesa za valvu zipangwe na wote wawili. Na mama akisimama mlangoni, mtu wa Brazili angoje. Mwanaredio yeyote anajua kwamba ukiwa umebonyeza kitufe cha kusema husikii kitu. Ni lazima ukiachilie ndipo sauti ya mwenzako iingie.

Wiki iliyofuata walikwenda hospitali pamoja. Majibu bado wanayangoja, ila sasa wanayangoja wawili.

Wapendwa, huenda nyumbani kwako hakuna redio ya valvu. Kuna simu, kuna mpira, kuna mikutano, hata ya kanisa. Jioni hii mwulize mwenzako: "Ni lini ulikuja kuniambia neno, nami nikainua mkono?" Kisha nyamaza, umsikilize.